Namna ya kuisoma Aggstein, ngome ndogo juu ya mto Danube

Kila mgeni anayenijia kutoka nyumbani huja na orodha ya majumba ya Vienna, na kila mmoja namwambia hivi: Schönbrunn utakwenda mwenyewe, tiketi zipo na watu wapo. Siku ya kutoka na mimi tunakwenda Aggstein. Ni ngome iliyobomoka nusu, imekaa juu ya jabali upande wa kulia wa mto Danube, katika bonde la Wachau, kati ya mji wa Melk na mji wa Krems. Mimi ni fundi mwashi. Kazi nilijifunzia Mji Mkongwe, Unguja, kwenye nyumba za mawe na chokaa, na huku Austria ya Chini kazi yangu ni ileile, ila naifanya na glavu na koti. Jumba la kifalme limefunikwa lipu, dhahabu na mazulia. Utatoka hujui limejengwaje. Ngome iliyoungua, ikaachwa na wenyewe, haina cha kukuficha. Ukijua pa kutazama utaona nani alijenga, kwa fedha ya nani, na nani alikuja kuziba ufa baada yake.

Nawaandikia wale ambao siku moja watafika huku, masomoni au kwa ndugu, wapande bila mimi.

Kwanza safari. Treni kutoka Vienna hadi Melk ni kama saa moja na kidogo. Kutoka Melk kwenda Aggstein si mbali, hazifiki kilomita kumi na tano, lakini basi la upande ule wa mto halipiti kila mara, na Jumapili ndiyo usiseme. Tazama ratiba ya kurudi kabla ya ratiba ya kwenda. Mwenye nguvu akodi baiskeli. Njia ya baiskeli inafuata mto pande zote mbili. Viatu viwe vya kushika, kwa sababu kutoka kijijini hadi langoni ni mlima mkali wa msituni, na ngome ipo karibu mita 300 juu ya maji. Majira ya baridi hufungwa, kwa hiyo msimu wa kupanda ni kuanzia pale theluji inapokwisha hadi majani yanapopukutika.

Anza mtoni

Wengi hufika, wakapanda mbio, wakapiga picha juu, wakashuka. Mimi nawasimamisha kwanza ukingoni mwa mto, migongo kwa mlima, watazame maji tu.

Danube kabla ya meli za moshi ilikuwa barabara kuu. Kushuka na mkondo ni rahisi: chumvi, mbao na chuma vilishuka vyenyewe kuelekea Vienna. Kupanda ni kazi nyingine. Chombo kilifungwa kamba na kukokotwa na farasi waliotembea kwenye njia iliyochongwa ukingoni, polepole, siku baada ya siku, kikiwa kimejaa divai ya bonde hili au nafaka. Sasa geuka utazame juu. Mtu aliyekaa pale juu ya jabali anaona mto mbele na nyuma. Farasi wanaokokota hawawezi kukimbia, na chombo hakiwezi kugeuka. Mwenye ngome ana muda wa kunywa maji, akavaa, akashuka, na chombo bado hakijapita.

Hiyo ndiyo sababu ya ngome kuwa pale. Mwaka 1429 Duke Albrecht V wa Austria alimpa mshauri wake, Jörg Scheck vom Wald, kazi ya kuijenga upya Aggstein ambayo wakati huo ilikuwa gofu. Mwaka 1438 akamwongezea haki ya kutoza ushuru vyombo vinavyopanda mto, kwa sharti kwamba aitunze ile njia ya farasi. Mapatano ya kawaida kabisa: utengeneze barabara, utoze wapitao. Masimulizi ya bonde hili yanasema Scheck hakukawia kuchoka na sehemu ya kwanza ya mapatano hayo akabaki na ya pili: kutoza, kisha kupora. Watu wakampachika jina la Schreckenwald, kwa kuwa jina lake lenyewe linakaribiana na neno la Kijerumani la kitisho.

Kabla yake palikuwa na wengine. Ngome ya kwanza ilijengwa mwanzoni mwa karne ya 12, ikaingia mikononi mwa ukoo wa Kuenring, mabwana wakubwa wa eneo hili. Walikuwa watumishi wa duke mpaka siku walipojiona nao ni maduke. Mwaka 1230 hadi 1231 Hadmar III wa Kuenring aliasi, na Duke Friedrich II akaizingira Aggstein akaitwaa. Mwisho wa karne hiyo, 1295 hadi 1296, ukoo huo uliasi tena, safari hii dhidi ya Duke Albrecht I, na ngome ikazingirwa mara ya pili. Hadithi inasema Hadmar alifunga mto kwa mnyororo wa chuma asipite mtu bila kulipa, na kwamba alikamatwa kwa hila: chombo kilichosheheni bidhaa za thamani kikapelekwa mbele yake, yeye akashuka kwa tamaa, kumbe chini ya bidhaa wamelala askari. Mnyororo sikuahidi. Lakini hadithi imepanga vitu mahali pake: mto, mali, na mtu mwenye haraka ya kushuka.

Ukishayashika hayo, panda.

Handaki na malango

Jabali la Aggstein ni mgongo mwembamba wa urefu wa kama mita 150, pande tatu ni poromoko. Huku mwisho kuna kichwa cha mwamba kinachoitwa Stein, na mwisho wa pili kichwa kingine, Bürgl. Wajenzi hawakusawazisha kitu. Walipandisha jengo juu ya kila kichwa, wakafunga katikati kwa kuta, uwanja ukapatikana. Kwa hiyo usitafute mstari mnyoofu wala pembe mraba. Mchoro wa jengo hili aliuchora mwamba, fundi alifuata.

Upande mmoja tu ndio unaoungana na mlima, na hapo ndipo pa kuogopa. Tafuta handaki. Katika ngome za milimani za Austria karibu kila mara utalikuta: mfereji mkavu uliochongwa kukata shingo ya mlima, ili anayekuja na ngazi au na gogo la kugongea asipate pa kusimama. Na hapa mweleze uliye naye jambo moja la ufundi: mawe yaliyochimbwa handakini, kwa kawaida, ndiyo yaliyoingia ukutani. Hakuna fundi mwenye akili anayetupa jiwe kisha akapandisha lingine kwa punda kutoka bondeni.

Halafu pita malango polepole. Yapo matatu moja baada ya jingine kabla hujafika uwanja wa ndani, na kila moja linakugeuza kidogo, likikuonyesha kwa ukuta wa juu ubavu wako, si uso wako. Simama chini ya kila lango, inua kichwa. Jiulize: mtu aliye juu angekudondoshea nini, na kutoka wapi? Tazama kwenye miimo ya mawe kama pana mashimo ya komeo. Boriti nzito ilikuwa ikivutwa kutoka unene wa ukuta kufunga mlango kwa ndani. Watoto wanapenda sana kazi hii ya kutafuta mashimo ya komeo. Wangu wawili hawataki kabisa habari za maduke.

Lango la mwisho ndilo la kusimama zaidi. Juu yake pana jiwe lililochongwa ngao ya Scheck na maandishi ya Kijerumani cha zamani yasemayo kwamba bwana Jörg Scheck vom Wald alianza kuijenga ngome hii Jumatatu inayofuata sikukuu ya kuzaliwa kwa Bikira Maria, mwaka 1429. Sikukuu hiyo ni tarehe 8 Septemba. Soma tena kama mtu wa kazi: Septemba! Katika nchi hii Septemba ni mwanzo wa kufunga kazi za chokaa, si kuzianza, maana miezi miwili mbele kuna barafu. Mimi nadhani vuli ile walisafisha magofu, wakachimba na kukusanya mawe, na ukuta wenyewe ukapanda kuanzia majira ya kuchipua. Hayo ni ya kwangu, hayapo kwenye jiwe. Kazi nzima iliisha mwaka 1436.

Maana yake ni hii: unayoyaona mengi ni ya miaka ile saba. Mtu akikuambia umesimama ndani ya ngome ya karne ya 12, mkubalie kuhusu mwamba.

Ukuta

Hapa chukua muda. Usiwe mbali, sogea mpaka uweze kuugusa.

Kwanza tafuta safu za vitundu vya mraba, kila kimoja kinaingia ngumi. Wageni wengi wananiambia ni vya kupigia mishale, au viota vya njiwa. Ni vya jukwaa. Fundi alipofika urefu wa kifua, alilaza miti ukutani, akajenga juu yake, kisha akatandika mbao kwenye ncha zilizotokeza nje, akapanda na kuendelea. Kazi ikiisha miti hukatwa au kuchomolewa, kitundu kinabaki. Safu moja hadi nyingine ndiyo hatua moja ya kazi, na ukifuata safu kwa macho utaona wapi zinakatika. Safu zikikatika, au zikipishana kimo, hapo mikono miwili imekutana: ama kundi jingine la mafundi, ama ukuta wa zamani umeungwa na mpya. Na mti ukibaki ndani ya kitundu, wataalamu huhesabu pete zake na kuulinganisha na miti mingine ya nchi, wakapata mwaka ulipokatwa. Kipande cha mti kilichooza nusu kinaweza kushinda karatasi zote za duke.

Pili, tazama pembe. Katikati ya ukuta mwashi anatumia jiwe lolote, dogo kwa kubwa, mradi likae. Pembeni hawezi. Pembe inataka jiwe kubwa lililochongwa, moja likilala huku, la juu yake likilala kule, ndipo kuta mbili zishikane. Pembe ikiwa nzuri mno kuliko ukuta wake, ama mwenye nyumba alikuwa na fedha ya kujionyesha, ama imejengwa upya baadaye. Katika ngome za Austria za karne ya 12 na 13 utaona pia mawe bapa yaliyopangwa kwa kulala, safu moja kulia, safu ya juu kushoto, kama mifupa ya samaki. Ukikutana nayo mahali popote katika nchi hii, punguza mwendo. Mara nyingi umefika kwenye sehemu ya kale.

Tatu, chokaa. Hapa ndipo nilipo nyumbani. Kule Unguja tulichoma matumbawe tukapata chokaa. Huku walichoma mawe ya chokaa ya milimani. Kitu ni kilekile: unachoma, unazima kwa maji, unachanganya na mchanga, unaweka ukutani, kisha unasubiri. Chokaa hakikauki tu, kinavuta hewa na kurudi kuwa jiwe, pole pole, kwa miezi na miaka. Kikwangue kidogo kwa ukucha mahali palipovunjika (si kwenye maandishi, tafadhali) na utaona punje nyeupe zisizochanganyika vizuri. Hizo ni alama za chokaa kilichozimwa hapohapo kazini kwa haraka. Pakiwa na kijivu kigumu, kilaini usoni, hiyo ni saruji, na saruji haikuwapo wakati wa Scheck. Huo ni mkono wa karne ya 19 au ya 20.

Na saruji ukutani mwa mawe ya kale ni balaa. Ukuta wa chokaa unakunywa maji ya mvua na kuyatoa tena. Saruji inayazuia ndani. Kwetu maji hayo yangeleta chumvi juu ya lipu na kuimeng'enya, huku yanaganda. Maji yakiganda huongezeka ukubwa karibu sehemu moja ya kumi, na hakuna jiwe linalostahimili hilo msimu baada ya msimu. Ukiona uso wa jiwe umebanduka huku saruji ya kando yake imesimama imara, umeona kosa la mtu aliyependa ugumu. Wakaguzi wa majengo ya kale siku hizi wanataka chokaa, na ndiyo maana mtu wa Unguja anapata kazi Austria.

Maji, moto na choo

Katika uwanja wa ndani, waache wenzako wapige picha za mto. Wewe tafuta vitu vitatu.

Birika kwanza. Juu ya jabali hakuna mto wala chemchemi ya kutegemea; mvua ya mapaa ilikusanywa na kuhifadhiwa chini. Inua macho kutoka birika hadi juu ya kuta na jiulize paa lilimwaga upande gani. Wazingiraji hawakuhitaji kuvunja ukuta kama wangeweza kusubiri kiangazi kirefu, na kuna ngome zilizosalimu amri kwa kiu huku kuta zote zimesimama.

Kisha jiko. Tafuta mahali ambapo ukuta umekuwa mweusi na dohani limeanza. Jiko hukaa mbali na ghala la chakula kwa ajili ya moto, lakini karibu na ukumbi kwa ajili ya chakula kuwahi moto. Kila ngome inajadiliana na mambo haya mawili kwa njia yake. Uwanja wa Aggstein ni mdogo, kwa hiyo hapa hatua ni chache kutoka chungu hadi meza. Vyumba vyenye meko havikuwa vingi. Ukihesabu madohani utapata kujua ni watu wangapi hasa waliolala joto, na hesabu hiyo inafuta picha nyingi za kifahari kichwani.

Choo utakiona kwa nje. Tazama ukuta unaoning'inia juu ya poromoko: mawe mawili yametokeza sambamba, juu yake hapana kitu. Palikuwa na kijumba kidogo juu yake, kimebanwa ukutani, chini wazi. Mawe yale huwa yamebaki kwa kuwa yameingia ndani sana ya ukuta, huku kijumba kimekwenda na maji. Mjomba wangu alipoelezwa hili alicheka hadi akaketi, kisha akauliza swali zuri kuliko yote: je, lilikuwa juu ya njia ya kuingilia? Hapana, mjomba. Hilo nalo walilifikiria.

Kanisa dogo la ngome nalo halipotei. Litumie kama dira: makanisa ya wakati ule yalielekezwa mashariki upande wa madhabahu, kadiri mwamba ulivyoruhusu. Basi ukilipata, umepata pande zote nne.

Rosengärtlein

Sasa tufike pale ambapo kila mtu anauliza tangu kule chini. Kuna ukingo mwembamba wa mwamba nje ya kuta, pembezoni mwa poromoko, unaoitwa Rosengärtlein, bustani ndogo ya waridi. Hadithi ni kwamba Scheck aliwafungia nje hapo mateka walioshindwa kulipa fidia: wachague kufa njaa au kujirusha. Yeye, wanasema, aliwaambia wakatazame mawaridi yake. Mateka mmoja aliruka, matawi ya miti yakampokea, akafika chini hai, na habari alizozipeleka ndizo zilizomwangusha Scheck.

Mwongozo wangu kuhusu hadithi ya namna hii: usiikatae, usiimeze. Tenga yaliyo na mguu wa kusimamia. Mwamba upo, umeuona. Scheck yupo, jina lake liko juu ya lango. Kuanguka kwake kupo: mwaka 1463 Georg von Stein aliishambulia ngome na kumwondoa. Lakini angalia aliyemwondoa. Georg von Stein aliikalia Aggstein kama rehani kwa sababu duke alikuwa na deni lake, naye pia akawa mporaji wa mtoni, mpaka akaondolewa mwaka 1476 na Ulrich von Graveneck, ambaye naye mwaka uliofuata alilazimika kuitoa. Baada ya hapo ikawekewa wasimamizi wa kuajiriwa ili uporaji ukome. Basi walikuwapo watatu mfululizo waliotumia kiti kimoja kwa kazi ileile, na waridi zote amebebeshwa wa kwanza. Wa kwanza ndiye aliyeandika jina lake juu ya lango. Labda ndilo lililomponza.

Ndani pana pia shimo refu wanalolionyesha kuwa jela. Liangalie, lakini kumbuka kwamba katika baadhi ya ngome za Ulaya mashimo ya namna hii yalikuwa ghala kabla ya watalii kuanza kulipa. Kuna njia ya kujaribu: je, kuna tundu la hewa? Je, kuna njia ya kuteremshia chakula? Mfungwa wa fidia ni mali. Mali haiachwi ioze.

Risasi, madirisha, halafu mvua

Rudi kwenye kuta ukatafute matundu ya kupigia. Tundu refu jembamba la wima ni la upinde. Tundu la duara, au la wima lenye duara chini, ni la bunduki, na bunduki ni mambo ya karne ya 15 na kuendelea. Mwaka 1529, jeshi la Sultani Suleiman lilipoizingira Vienna, vikosi vyake vilipita bonde hili na Aggstein ikachomwa. Walioitengeneza upya waliongeza matundu ya bunduki. Tazama pia kama mawe au chokaa vimegeuka rangi ya waridi au wekundu hafifu. Jiwe lenye chuma ndani yake hubadilika hivyo likipata moto mkali, na rangi hairudi tena.

Tofauti na hayo utaona madirisha mapana yanayokaribisha jua. Hayo si ya mtu anayeogopa mshale. Mwaka 1606 Anna von Polheim, mjane wa mwenye kukodi wa mwisho, aliichukua ngome hii na kuitengeneza ikalike. Katika orodha yote ya mabwana wa Aggstein, kwangu mimi yeye ndiye mwenye nyumba hasa. Wengine walitaka mto; yeye alitaka paa lisivuje. Alipofariki hakupatikana tena wa kuitunza.

Mwaka 1685 ilinunuliwa, pamoja na ngome ya jirani ya Schönbühel, na Ernst Rüdiger von Starhemberg, yuleyule aliyeilinda Vienna dhidi ya Waturuki mwaka 1683. Shujaa wa kuta aliyeacha kuta zake zife, ningesema kama ningekuwa na ubaya. Lakini alikuwa na haki: mizinga ilikwishaondoa faida ya kukaa juu ya jabali, na hakuna tajiri anayetaka kupandisha kuni mita 300. Paa lilipokwenda, ukuta ulianza kufa kutoka juu kwenda chini. Tazama ncha za kuta: zimelainika na kuota majani, huku chini zimenyooka. Mvua huingia kwa juu. Ndiyo maana leo utaona juu ya kuta nyingi tabaka jipya la mawe na chokaa, kama kofia. Ni kazi isiyopendeza kwenye picha, na bila hiyo kusingekuwa na kitu cha kupiga picha.

Mlima wenyewe sasa una mkahawa ndani ya kuta, na ukumbi umeezekwa tena. Mbao mpya hazijifanyi za kale, jambo ninaloliheshimu.

Ukitaka kujipima

Kama siku bado ndefu, shuka ufuate mto hadi Arnsdorf, uvuke kwenda Spitz kwa kivuko kinachoshikiliwa na waya na kusukumwa na mkondo peke yake. Mbele zaidi upande wa pili ni Dürnstein, ambako Richard mfalme wa Uingereza alishikiliwa baada ya kukamatwa karibu na Vienna Desemba 1192. Gofu lake ni la kupanda kwa ajili ya mandhari. Kuta zimebaki chache tangu Waswidi walipoiharibu mwaka 1645.

Mtihani wenyewe uko karibu na Vienna: Kreuzenstein, kituo cha treni kipo Leobendorf, na kutoka hapo unatembea kupanda kilima. Utaona ngome kamili, minara, daraja, kanisa, ghala la silaha, kila kitu mahali pake, kama ulivyoota utotoni. Hiyo nayo iliharibiwa na Waswidi mwaka 1645. Unayoiona ilijengwa kati ya 1874 na 1906 na Johann Nepomuk Wilczek, tajiri wa ukoo mkubwa, yuleyule aliyesaidia kwa fedha msafara wa Austria wa Aktiki wa 1872 hadi 1874, hata kisiwa kimoja kule barafuni kikapewa jina lake. Alinunua vipande vya majengo ya zama za kati kutoka sehemu nyingi za Ulaya, akaviingiza ukutani. Kuna ujia mzima uliotokana na mawe ya kanisa kuu la Košice, ambalo leo liko Slovakia.

Kuingia ni kwa kundi na kiongozi, kwa hiyo huna muda wa kuzubaa. Nenda na maswali matatu: rangi ya jiwe inabadilika wapi ndani ya ukuta mmoja? Alama za patasi zinafanana kwenye mawe yaliyopakana? Dirisha la karne ya 15 limekaa kwenye ukuta wenye unene wa karne ya 15, au limebandikwa? Wilczek hakuwa tapeli, alikuwa anajua anachokifanya, na mafundi wake walikuwa hodari kuliko wengi wetu wa leo. Baadhi ya maungio hutayaona. Mimi mwenyewe kuna moja, kwenye ngazi, ambalo bado tunabishana na baba mkwe. Ukifika muulize kiongozi, kisha uniambie alisemaje.